Shikamoo Isiyotoka

Leo nimekuja na habari ya watoto na vijana ambao kusema kunawapa taabu, na nitaanza na neno ambalo mtoto wa Kitanzania hufundishwa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake: shikamoo.

Mtoto mwenye kigugumizi hujifunza mapema kukwepa maneno. Katumwa dukani akanunue sukari. Akifika kaunta anahisi ile "s" inakuja kumkwamia, basi anageuza haraka: "Nipe ile ya chai." Muuza duka anacheka, anapima nusu kilo, mambo yamepita. Mtoto huyu ana wepesi wa kubadili sentensi ikiwa tayari iko mdomoni, na kazi hiyo anaifanya kutwa nzima bila mtu kujua. Lakini shikamoo haina badala yake. Huwezi kumwambia rafiki wa baba yako "mambo vipi". Jina lako nalo halina badala, wala "hodi", wala "nipo, mwalimu" majina yanapoitwa asubuhi. Kwa hiyo maneno ya adabu, yaleyale tunayoyatumia kumpima mtoto kama amelelewa, ndiyo yanayomnasa. Anakutana na mzee njiani. Midomo iko tayari, hewa imekwama, shingo imekakamaa, macho yanapepesa. Zinapita sekunde tatu, nne. Mzee kaendelea na safari yake, na jioni baba anaambiwa: "Huyu mwanao siku hizi ana kiburi, hata salamu hatoi." Mtoto anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na kesho akimwona mzee yule kwa mbali atapita njia nyingine.

Nililo nalo jioni ya leo ni hili. Kwa watoto hawa, sisi watu wazima tunasubiri pasipotakiwa kusubiri, na panapotakiwa tunakosa subira. Mtoto wa miaka mitatu asiyesema tunamngojea mwaka, tunamngojea miwili, mpaka anafika umri wa kuandikishwa shule. Lakini mtoto huyohuyo akifungua mdomo, hata sekunde tano hatumpi. Tunammalizia neno, tunamjibia, au tunamwambia akae chini.

Nianze na hizo sekunde.

Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka miwili na mitano, wakati maneno yanamjia mtoto kwa wingi. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takribani watoto 5 katika kila 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, na wengi wao hukiacha wenyewe. Kwa watu wazima hubaki karibu mmoja katika kila 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Mara nyingi kimo katika ukoo: ukiuliza vizuri utasikia habari za mjomba au za babu. Hakiletwi na kutishwa, wala kutekenywa, wala kumwiga mtoto wa jirani. Hakitokani na kitu alichokula mama akiwa mjamzito. Asili yake ni namna ubongo unavyopanga na kuendesha usemi, na mtoto aliye nacho hapungukiwi akili hata chembe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu najua ni akina mama wangapi wamebebeshwa lawama na wakwe kwa jambo ambalo hawakulileta.

Kuna jambo huwachanganya wazazi wengi. Mtoto anayekwama kwenye jina lake mwenyewe, mpeleke madrasa: anasoma pamoja na wenzake sura nzima bila kukwama. Mpeleke kwaya: anaimba beti zote. Basi nyumbani wanasema, "Unaona? Anajifanya." Hajifanyi. Kusoma kwa sauti moja na wengine, au kuimba, humpa msemaji mwendo wa kufuata, na karibu kila mwenye kigugumizi hupata nafuu hapo. Abaki peke yake, atakiwe atunge sentensi yake huku watu kumi wanamtazama mdomoni, hali inarudi. Mwalimu wa madrasa au wa kwaya akilijua hili anaweza kumsaidia sana mtoto, kwa kumpa mahali ambapo sauti yake inasikika ikiwa imenyooka, bila kulitumia jambo hilohilo kumsuta.

Na tunamsaidia vipi pale anapokwama? Wengi wetu tuna amri tatu: "Sema taratibu! Vuta pumzi! Anza upya!" Tunazitoa kwa nia njema. Mtoto anachosikia ni kwamba amekosea tena.

Mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, Wendell Johnson, mtafiti mkubwa wa kigugumizi ambaye yeye mwenyewe alikuwa nacho, alimsimamia mwanafunzi wake Mary Tudor kufanya jaribio kwa watoto 22 wa kituo cha yatima. Baadhi yao walikuwa wanasema vizuri kabisa. Sehemu ya hao waliambiwa, miezi kadhaa mfululizo, kwamba usemi wao una kasoro, wajichunge, wajirekebishe, na kama hawawezi kusema sawasawa basi ni heri wasiseme. Wataalamu waliokuja kuzipitia upya kumbukumbu hizo hawakuona ushahidi kwamba watoto wale walipata kigugumizi cha kweli. Waliloliona ni watoto waliojifunga: wakasema kidogo, wakaona haya, wengine wakakataa kujibu darasani. Jaribio halikuchapishwa. Lilipofichuliwa kwa umma mwaka 2001, chuo kiliomba radhi. Ulikuwa ukatili kwa watoto wasio na wa kuwatetea, na kila ninaposikia mzazi anamkatiza mtoto mezani mara ya tatu, "anza upya", nawafikiria watoto wale wa Iowa.

Lililo bora ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Mtazame mtoto usoni kwa utulivu, usiangalie saa wala simu. Usimmalizie neno, hata kama unalijua. Akimaliza, jibu alichosema, si namna alivyokisema. Ukitaka apunguze kasi, punguza yako. Nyumba ambayo kila mtu anamdandia mwenzake maneno ni ngumu kwa mtoto huyu. Na kwa wazee: mtoto akikukabili na salamu imekwama, simama. Mpe mkono. Ngoja ifike, kisha uitikie marahaba kama unavyowaitikia wengine. Kwa mtoto mdogo ambaye kigugumizi kimeanza karibuni, ipo tiba inayofanywa na mzazi mwenyewe nyumbani chini ya maelekezo ya mtaalamu. Ile iliyobuniwa Sydney, Australia, iitwayo Lidcombe, imefanyiwa utafiti wa kutosha na inasaidia. Kwa kijana mkubwa kazi huwa nyingine: kupunguza mapambano na hofu, aseme hata kama atakwama, kuliko kuishi akiyakimbia maneno.

Sasa nije kwenye kule kusubiri kwingine.

"Atasema tu. Hata baba yake alichelewa." Nani hajaisikia kauli hiyo? Ina ukweli ndani yake: wako watoto wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao. Ila kwa kumtazama tu mtoto wa miaka miwili na nusu, hata mtaalamu hawezi kuapa kwamba huyu ni miongoni mwao. Na kuna kitu kimoja ambacho lazima kipimwe kwanza kabla ya yote, nacho ni masikio.

Mtu anasema, "Mwanangu anasikia, nikibamiza mlango anageuka." Kugeukia mlango hakutoshi. Wako watoto wanaosikia sauti nzito na kubwa, wakakosa zile nyembamba, "s", "f", "sh". Mtoto kama huyo ukimwambia "samaki" anaweza kupata zile irabu tu, "a-a-i", na ndivyo atakavyokurudishia. Kusikia kunaweza kuharibiwa na homa ya uti wa mgongo, na manjano makali ya siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na baadhi ya dawa kama gentamaisini zikitumika bila uangalifu, na sikio linalotoa usaha mwezi hadi mwezi huku nyumbani wakilipangusa kwa pamba na kusema litakauka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Zipo idara za masikio, pua na koo katika hospitali za Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na Muhimbili tangu mwaka 2017 imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto ambao shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni, haliwatoshi. Vifaa hivyo huzaa matunda mazuri zaidi mtoto akivipata mapema, katika miaka ile ya mwanzo ambayo ubongo uko tayari kuipokea lugha. Mwaka mmoja wa "atasema tu" si mwaka mdogo hapo.

Na mtoto ambaye ni kiziwi, familia ikachagua au ikahitaji Lugha ya Alama, apewe lugha hiyo mapema na wazazi wajifunze naye. Ni lugha kamili. Hatari kubwa kwake ni kufika miaka sita bila lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono.

Mimi nina pendekezo, na nalitoa kwa Wizara ya Afya na kwa wauguzi wa kliniki za watoto. Mtoto wa Tanzania, na wa Kenya pia, huletwa kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Siku hizo kadi inafunguliwa, mtoto anawekwa kwenye mzani, uzito unaandikwa. Muuguzi aongeze maswali machache tu. Kwa mtoto wa miezi 9: anabwabwaja, "bababa", "dadada"? Anageuka akiitwa kwa sauti ya kawaida? Kwa yule wa miezi 18: ana maneno anayoyatumia mwenyewe? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Kile kidole ni cha maana kubwa. Mtoto anayenyoosha kidole kwenye ndege, kisha akakugeukia usoni kuona kama umemwona ndege yule, tayari anazungumza, ingawa neno bado. Asipofanya hivyo, na maneno pia hayapo, apelekwe mbele akapimwe, asiambiwe arudi baada ya mwaka. Foleni za kliniki ni ndefu na wauguzi wamechoka, nalijua hilo, lakini maswali haya huchukua dakika moja.

Neno kuhusu wembe. Bado wako watoto wanaopelekwa wakatwe kamba ya chini ya ulimi, au kimeo, kwa sababu hawasemi. Ulimi uliofungwa unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na hilo ni la daktari kuamua. Lakini mtoto asiye na maneno akiwa na miaka mitatu, chanzo si ile kamba. Na wembe wa mtaani huleta damu isiyokatika, maambukizi, pepopunda. Tafadhali msifanye.

Sasa kuna watoto wengine ambao mimi naona ndio waliosahaulika kuliko wote, kwa sababu wanasema. Hawana kigugumizi, hawana kithembe, masikio yamepimwa ni mazima. Ila lugha yenyewe haiingii kwao wala haitoki kama kwa wenzao. Nitawaonyesha. Mama anamwambia mtoto wa miaka saba: "Kabla hujavaa viatu, kaniletee ndoo iliyo nyuma ya mlango." Mtoto anakwenda kuvaa viatu. Neno alilolishika ni viatu. Anarudi amevaa, anasimama, anatazama. "Mkaidi huyu!" Ukimwambia "Amina alipigwa na Juma" kisha ukauliza nani kapiga, anasema Amina, kwa sababu Amina katajwa mwanzo, na ile "w" ndogo ndani ya "alipigwa" imempita. Kiswahili chetu hubeba mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja. "Hawakunipigia": ni nani, hawakufanya, lini, kwa nani, kwa ajili ya nani, vyote vimo. Mtoto huyu anashika mzizi, vile vipande vya pembeni vinamponyoka.

Wataalamu zaidi ya 50 wakiongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford walikubaliana, katika maandiko ya mwaka 2016 na 2017, waite hali hii kwa jina moja ambalo kwa Kiswahili naweza kusema ni tatizo la ukuaji wa lugha. Kabla ya hapo lilikuwa na majina mengi kiasi kwamba mzazi hakujua amshike nani. Utafiti wa Uingereza umeona ni takribani watoto 7 katika kila 100, yaani kama wawili katika darasa la watoto 30. Ukikichukua kipimo hicho kwa darasa letu la watoto 70, ni karibu watano. Watoto watano, na mwalimu hajawahi kusikia kwamba hali hiyo ipo.

Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili hawezi kulaumiwa, maana Kiswahili kinamficha mtoto huyu. Kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu anaweza kuisoma aya nzima kwa sauti, kama kasuku, darasa likampigia makofi, na asijue aya imesema nini. Kisha mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa lote linajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ya mtoto wetu imo humo. Ukitaka kujua, usimuulize kama ameelewa. Mwambie akuonyeshe, achore, au akueleze kwa maneno yake. Toa agizo moja, ngoja alitekeleze, ndipo utoe la pili. Maneno mapya ya somo yaandike ubaoni na picha yake kabla somo halijaanza. Na swali lako umuulize mwenzake kwanza, mtoto apate kusikia jibu linavyojengwa, kisha yeye.

Kumtambua mtoto kama huyu kwa Kiswahili kunahitaji kukijua Kiswahili chenyewe kinavyokua mdomoni mwa mtoto, na hili halijaandikwa vya kutosha. Kamil Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alifuatilia watoto wadogo wa Nairobi na kuonyesha kwamba mtoto anayekua vizuri kabisa hupitia kipindi cha kuacha viambishi vya mwanzo vya kitenzi: anasema "taka maji" badala ya "nataka maji". Hiyo si dalili ya ugonjwa kwa mtoto wa miaka miwili. Kule Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno na ishara za watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mzazi asiyejua kusoma husomewa na kujibu kwa mdomo. Hivyo ndivyo vipimo tunavyovihitaji, vilivyotoka kwetu. Maana ukimpima mtoto wa bara kwa Kiswahili cha kitabu, utamwandika mgonjwa kwa sababu anasema "gari yangu", na kumbe mtaani kwao kila mtu mzima anasema hivyohivyo. Na mtoto wa miaka mitatu anayesema "titabu" au "lafiki" mwache akue. Lakini kama hata majirani hawamwelewi anachosema, usingoje mpaka darasa la kwanza, tafuta msaada.

Kilifi imetufundisha jambo jingine. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome walifuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani, na wale waliopona malaria yenye degedege kali, wakakuta karibu mmoja kati ya wanne amebaki na athari fulani, na lugha ilikuwa miongoni mwa vilivyoathirika. Mtoto anaruhusiwa kutoka hospitali, familia inamshukuru Mungu, na ni haki kushukuru. Ila miaka miwili baadaye akishindwa masomo, asije akaitwa mvivu. Tukumbuke alikotoka.

Halafu kuna hili la lugha mbili. Mzazi ana mtoto aliyechelewa kusema. Anashauriwa na mtu mwenye heshima zake kwamba nyumbani waache Kihaya, au Kichaga, au waache hata Kiswahili, wabaki na Kiingereza cha shule, ili mtoto asichanganyikiwe. Ushauri huo hauna msingi. Lugha mbili au tatu hazimletei mtoto tatizo la lugha. Ingekuwa hivyo, Afrika nzima ingekuwa na tatizo hilo. Ukimwondolea mtoto lugha ya bibi yake, unamwondolea bibi. Na mzazi anayemlazimisha mtoto Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hakimtoki vizuri, humpa sentensi fupi na amri: "Come. Sit. Eat." Sema na mtoto kwa lugha ambayo unaweza kumwambia hadithi, kumbembeleza na kumchekesha.

Mtaani kwetu kuna bibi ninayemtazama mara nyingi akichambua mchele barazani, na mjukuu wake wa miaka miwili na ushee kachuchumaa kando ya ungo. Mtoto maneno yake ni machache sana. Anaokota kijiwe, anakiinua. Bibi anaacha mikono, anamtazama. Haulizi "Hiki nini? Sema! Sema jiwe!" Anangoja. Mtoto anatoa: "We." Bibi anapokea: "Eeh, jiwe. Jiwe dogo. Tulitupe?" Kimya kidogo. "Tupa," anasema mtoto, na jiwe linakwenda uani. "Umelitupa jiwe!" Na wanaendelea hivyo, ungo mzima. Bibi huyu hakusomea chochote, lakini kila alichokifanya pale ndicho mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha humfundisha mzazi kwa wiki kadhaa: fuata kile mtoto anachokitazama, ngoja, pokea anachokitoa hata kikiwa nusu, kirudishe kikiwa kamili, ongeza neno moja tu juu yake. Haihitaji kitabu cha picha wala kompyuta. Ungo wa mchele unatosha, na kuoga kunatosha, na kutembea kwenda sokoni. Katuni ya kwenye simu haiwezi kumsaidia vile, kwa sababu katuni haimngoji.

Wataalamu wenyewe ni wachache mno kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na kikafungua njia kwa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo aliyetaka kuisomea alilazimika kwenda mbali na nyumbani. Kenya ina vituo vya kupima mahitaji ya watoto kielimu tangu mwaka 1984, na Tanzania ina chuo cha Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Bado mama wa Tunduru au wa Kigoma anaweza kumaliza nauli ya mwezi kumtafuta mtu mmoja mjini. Ndiyo maana nasisitiza kazi ya nyumbani na darasani. Si kwa sababu mtaalamu hahitajiki. Anahitajika, na Serikali iajiri, hospitali za mikoa ziwe na nafasi hiyo kwenye ikama zake.

Kwa mtoto ambaye maneno ya mdomo huenda yasije, kwa sababu ya mtindio wa ubongo au usonji, watu husema ukimpa picha au ishara atakuwa mvivu wa kusema. Tafiti zinaonyesha kinyume: mara nyingi usemi huongezeka, kwa sababu mtoto ameonja raha ya kueleweka. Kilifi tena, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliwatembelea walezi majumbani na kuwafundisha njia za mawasiliano kwa vifaa rahisi. Picha ya maji, ya chakula, ya choo, ya "nataka nje", ya "inauma". Mtoto aliyekuwa analia siku nzima bila mtu kujua kwa nini, sasa anaweka mkono kwenye picha.

Kuhusu vijana nitasema machache, ingawa wangestahili kipindi chao. Mtoto mwenye tatizo la lugha ambaye hakutambuliwa shule ya msingi anaingia Kidato cha Kwanza, na siku hiyo karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Wenzake wanapigana na ukuta mmoja, yeye ana miwili. Wako wanaoacha shule hapo. Akikamatwa na polisi kwa kosa lolote, anatakiwa aeleze: ulikuwa wapi, ikawaje, kisha nini. Kupanga matukio kwa mfuatano ni kitu kigumu sana kwake. Maelezo yanapishana, na anaonekana mwongo. Mahakimu na maofisa wa ustawi wa jamii wanapaswa kulijua hili. Kwenye usaili wa kazi, kijana mwenye kigugumizi hukatwa kwenye kutaja jina lake. Mwajiri anaweza kumpa maswali kwa maandishi dakika kumi kabla, au kumwambia tu, "Chukua muda wako, hatuna haraka," na kweli asiwe na haraka. Namfahamu fundi simu mmoja aliyebandika karatasi mezani pake: "Nina kigugumizi. Ukinisubiri nitakueleza bei." Ananiambia tangu aibandike hakwami sana kama zamani, maana hana tena cha kuficha.

Najua baadhi yenu mnataka kuniuliza: kesho nikimpeleka mtoto hospitali, nianzie wapi? Anzieni kituo cha afya, mwombe rufaa ya kupimwa masikio, hata kama mna hakika anasikia. Andikeni kwenye daftari maneno yote ambayo mtoto anayasema mwenyewe, hata yale ambayo ninyi tu mnayaelewa, na lugha zote zinazosemwa nyumbani. Na kwa kuwa mtoto akifika mbele ya daktari hunyamaza kabisa, mrekodini kwenye simu dakika mbili tatu siku moja kabla, akiwa anacheza na wenzake au anakula. Msimsimamishe mbele ya simu mkamwambia "haya, sema".